Bao la Saa ya Sala

Teremsheni majamvi ya upande wa baharini, upepo unanipiga mbavu, ila ya upande wa barabara yaacheni juu, nataka niione nyumba ya Vaitoa wakati ninasema. Falaniko, zima hiyo redio. Ruta, acha kunipepea, mwanangu, mimi si jiko. Ketini kila mtu kwenye nguzo yake kama watu wa ukoo, na wewe mjukuu wangu Penina keti hapa miguuni pangu, yaani mguuni, maana mmoja umekwisha kutangulia. Mliuzika wenyewe kule nyuma ya migomba mwezi wa tano, Falaniko akausomea na sala, na mimi kule hospitali nikacheka hadi nesi akaniuliza kama dawa imenipanda kichwani. Hamkujua nilichokicheka. Ule ulikuwa mguu wa kushoto. Mabao yangu hamsini na moja mliyafukia pale siku ile, na aliyelia ni Vaitoa peke yake.

Mkuu wa ukoo akiiona safari yake imewadia huwaita warithi wake akawaachia neno la mwisho, na neno hilo hata baraza la kijiji halina ubavu wa kulitangua. Ndivyo alivyofanya baba yangu, na ndivyo nilivyolipata jina la ukoo, yaani ukuu wenyewe, mimi, mwanamke, baba zangu wadogo wakiwa wametafuna midomo mpaka ikavimba. Basi na mimi leo naacha neno. Ya mashamba nitayasema upesi kwa sababu si hayo yanayoniuma: majimbi ya mlimani ni ya Falaniko, minazi ya ufukweni ni ya Ruta, na kiwanja cha mpira si cha mtu, ni cha wasichana wa kijiji hiki, na atakayejenga hata banda la kuku pale, namwambia tangu sasa, kuku wake hawatataga.

Lililobaki ndilo lenyewe, na ninaliogopa kuliko kifo.

Wanangu, mimi ni mwanamke mwenye wivu. Msitazamane. Mlinijua mkali, mlinijua mbishi, mkadhani ndiyo tabia ya makocha. Watu husema sukari hii iliyonila mguu huletwa na kula ovyo. Mimi nimekula wivu kwa miaka arobaini, asubuhi na jioni, na leo hii ninavyoongea nanyi bado nautafuna, kwa sababu Masina, binti wa Vaitoa, amelala usiku wa tisa sasa katika nyumba ile pale ng'ambo ya barabara, kijiji kizima kimekwenda kumwamkia kocha mkubwa aliyetoka Nyuzilandi, na Jumamosi anapanda kivuko kwenda zake. Juzi Penina naye alikwenda. Akarudi na njumu mpya mkononi, macho yanang'aa kama ya mtu aliyebatizwa, akaniambia, "Bibi, Kocha Masina amesema kila anachokijua alifundishwa na wewe."

Ningepigwa kofi ningevumilia. Mtoto huyu hakujua alichonibebea. Sasa atajua.

Mimi na Vaitoa tulianza mpira pamoja, miaka ya sabini inakwisha, siku ambazo wavulana walikuwa mashambani na kiwanja kiko wazi. Hatukuwa na viatu, tulikuwa na mawe meusi ya volkano yaliyotunoa nyayo. Mchungaji wa wakati ule alihubiri Jumapili tatu mfululizo juu ya magoti ya wanawake. Wazee walituambia mpira utatushusha matumbo tusizae. Falaniko, una kilo mia na ishirini, simama kidogo watu waone nilivyoshuka tumbo. Haya, keti. Vaitoa alikuwa winga, mwepesi kama mjusi wa ukutani, krosi zake zilikuja zikiwa zimekwisha kutafunwa, kazi yangu ilikuwa kumeza tu. Nami nilikuwa na hatua yangu moja, nageuka kwa mguu wa kushoto huku mwili umeelekea kulia, beki anabaki anamsalimia mtu ambaye hayupo. Nikifunga, ufukwe mzima unapiga kelele, "Naoupu, wape! Naoupu, wape!" Hakuna asali iliyowahi kunilevya kama jina langu katika vinywa vya watu wengine.

Ndipo ikaitwa timu ya visiwa kwenda Fiji, tukachaguliwa wote wawili, tukaenda mjini Apia na mifuko yetu ya majani. Siku tatu kabla ya safari nikatapika mazoezini. Falaniko, ulikuwa wewe, wa miezi miwili. Sikulaumu, mwanangu, hukuomba. Lakini yule bwana msimamizi alinitazama kama mtu aliyeokota panya kwenye unga, akasema, "Mama mjamzito apande ndege akatanue miguu mbele za watu? Rudi kwa mumeo." Na baba yenu, ambaye ndiye aliyenipa mimba hiyo, alikuwa nyumbani anacheza rugbi na hakuna aliyemwambia arudi kwa mkewe. Basi Vaitoa akapanda ndege peke yake. Akarudi na sweta ya manjano. Sweta, katika nchi hii ambayo hata mbwa hulala wamefungua midomo kwa joto! Akaivaa kanisani mwaka mzima, jasho linamchuruzika, na mimi nimeketi nyuma yake nimekupakata wewe, namwomba Mungu joto lile limuue. Hilo ndilo jiwe la kwanza la wivu wangu.

Alikuja kwangu na pipi na habari zote. "Shoga, ungekuwepo wewe tungewafunga wale Wafiji sita." Alisema kwa moyo mweupe. Mwenye moyo mweupe hajui anavyomuumiza mwenye moyo mweusi.

Nilipomzaa Ruta goti likakataa, nikawa kocha kwa sababu hakuna mwingine aliyeutaka ukocha wa wasichana, haukuwa na mshahara wala fulana. Nilikuwa na mpira mmoja. Wasichana ishirini niliwafundisha kutuliza pasi kwa mashelisheli mabichi. Ukilipiga vibaya linapasuka, na likipasuka unakwenda kumwomba mama yako msamaha, kwa hiyo walijifunza upesi. Asubuhi ya kivuli ilikuwa ya wavulana, na alasiri ya upepo ilikuwa ya wavulana. Sisi tulipewa saa saba mchana, jua limekaa utosini kama kofia. Hivyo tukawa wagumu. Miaka kumi na mitano nilifanya kazi hiyo, na kama kuna mwanamume katika kijiji hiki aliyewahi kutuletea hata ndoo ya maji, na ajitokeze aje anifumbe macho, nitamruhusu.

Masina aliletwa na mama yake akiwa na miaka tisa. "Shoga, huyu ananivunjia vyungu, mchukue." Nilimtazama akipiga shelisheli mara moja tu, nikajua. Mwalimu hujua. Nilimpenda, msije mkasema sikumpenda. Nilimpa kila kitu, hata ile hatua yangu ya kushoto nilimpa, nikamshika kifundo cha mguu kwa mikono yangu, "Hapa, hivi, mwili uende huku, wewe uende kule." Na alipoifanya mara ya kwanza mbele ya watu, mabeki wawili wakagongana vichwa, ufukwe ukalipuka, kisha nikamsikia mwuza mikate akimwambia mwenziwe, "Umeiona hiyo? Hiyo ndiyo chenga ya Masina."

Chenga ya nani?

Wazee walisema mla ni mla leo, mla jana kala nini. Nikaanza kuhesabu mabao yake kwa mkaa, nyuma ya sanduku langu la nguo, mistari mitano mitano, kama mtu anayehesabu siku za kifungo. Thelathini. Arobaini. Wakawa wanaimba, "Masina, wape! Masina, wape!" kwa sauti ileile, na midomo ileile iliyokuwa ikiniimbia mimi, ila imezeeka. Nami nimesimama kando ya mstari napiga makofi, na kila kofi ni kofi kweli. Hamsini. Hamsini na moja.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo penye kesi.

Ilikuwa fainali ya wilaya, na wageni wetu walikuwa wa Fagaloto. Masina ana miaka ishirini. Baraza lilipanga fainali ya wanaume kwanza, ya wanawake baadaye, kama kawaida, nyama kwanza mifupa baadaye. Wanaume wakaenda penalti, kisha wakagombana na refa nusu saa nzima juu ya mkono wa mtu uliogusa au haukugusa mpira. Nusu saa! Tulianza jua limekwisha kuegemea. Nawauliza, siku ile saa ya sala ilipotukuta uwanjani, aliyetuchelewesha alikuwa nani? Na faini alilipa nani? Nijibuni.

Tulikuwa bao moja kwa bao moja, dakika za mwisho, Masina ana mpira mguuni hatua ishirini kutoka golini, baragumu likalia. Mnajua sheria, hata mtoto wa miaka miwili anaijua. Baragumu la sala likilia, popote ulipo unaketi, na hakuna kinachotembea kijijini hadi amina. Refa akatia filimbi mfukoni akaketi. Mabeki wa Fagaloto wakaketi, mmoja akashusha shuka lake la kiunoni afunike magoti. Kipa akaketi golini, amekunja miguu kama aliyekuja kula. Watazamaji mia nne wakaketi kwa pamoja. Ukimya huo sijausikia tena. Na Masina, magoti yamekwisha kuanza kukunjika, akageuza shingo akanitazama mimi. Ni jicho la kuuliza. Mtoto niliyemlea miaka kumi na moja, hakuwahi kupiga hata kona bila kunitazama.

Nami nikainua nyusi.

Basi. Kinywa kimefungwa, mikono iko magotini, nikainua nyusi mara moja. Nani katika visiwa hivi hajui maana yake? Ndivyo tunavyosema ndiyo tangu tukiwa mgongoni mwa mama. Ruta, mumeo alikuposa ukamjibu kwa nyusi, na zawadi za posa hukuzirudisha.

Akanyanyuka. Akatembea na mpira, hakukimbia, akapita katikati ya watu walioketi kama mtu anayepita makaburini, akamzunguka kipa, akausukuma wavuni kwa kushoto. Hakuna aliyeshangilia. Lilikuwa bao la hamsini na mbili, na ninyi hamjawahi kuona bao zuri kama lile.

Kwa nini niliinua nyusi? Nimejiuliza miaka kumi na tisa. Wakati ule nadhani ulikuwa ni mpira tu. Mguu wangu ndio ulioona goli, na uso ukajibu kabla yangu. Hilo Mungu atalisamehe bila shida. La pili ndilo.

Kesho yake baraza likaketi. Nami nilikuwa nimepewa jina la ukoo miaka miwili kabla, kwa hiyo niliketi miongoni mwa waamuzi, mwanamke pekee katika nyumba ile ya nguzo ishirini na nne. Masina aliketishwa nje juu ya changarawe, baba yake kando yake, kichwa chini. Msemaji wa baraza akaegemea fimbo yake akauliza, "Binti, umeivunja saa ya Mungu mbele ya wageni. Kocha wako alikwambia uendelee?"

Masina akanitazama. Akanyamaza.

"Ububu umekushika? Jana miguu ilikuwa na maneno mengi!" Wazee wakacheka. Msemaji akanigeukia mimi kwa adabu, "Mheshimiwa Mama Naoupu, tuondolee shaka. Ulimwambia neno?"

Nikaapa. Nikaweka mkono juu ya Biblia ya baraza nikasema, "Mbele za Mungu na mbele zenu, kinywa changu hakikutoa neno." Na ilikuwa kweli! Tazameni ufundi wangu. Kinywa kilisema kweli, uso ndio uliokuwa umesema, na uso hakuna aliyeuapisha. Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Masina aliendelea kunitazama kwa muda wa pumzi mbili hivi, kisha akashusha macho kwenye changarawe, na hakuyainua tena.

Wakamtoza baba yake nguruwe kumi wakubwa. Wakamfungia Masina misimu mitatu. Na msemaji akaongeza, kama mtu anayeongeza chumvi, "Na bao lile si bao. Lifutwe." Nikasikia sauti ikisema, "Naunga mkono." Sauti hiyo ilikuwa yangu.

Mnaelewa sasa? Hamsini na moja yake. Hamsini na moja yangu.

Nilijitungia utetezi mzuri, mngeusikia mngenipigia makofi. Nilisema moyoni: nikikiri, wanaume hawa watasema, hayo ndiyo matokeo ya kumpa mwanamke jina la ukoo, na hakuna msichana atakayeketi tena katika nyumba hii, basi nanyamaza kwa faida ya wanawake wote. Hoja nzuri, sivyo? Ina kichwa, ina miguu. Ila ni uongo. Mwanamke pekee mle ndani nilikuwa mimi, na msichana pekee aliyehitaji mwanamke mle ndani, nilimzamisha. Ukimtetea mwanamke wa kesho kwa kumzika wa leo, hujamtetea mtu. Nilinyamaza kwa sababu ya mistari ya mkaa nyuma ya sanduku, hakuna jingine.

Baba yake hakuweza kuistahimili aibu. Wiki ile ile akampandisha kivuko, akampeleka kwa shangazi yake Auckland, kule Nyuzilandi, na nguruwe wale alilipa mpaka mwisho, akafa mwaka wa nne baadaye. Nikasema, haya, imekwisha, msichana atafagia hoteli kama wenziwe, atanenepa, atasahau. Ningalimhurumia, haki ya Mungu, angalipotea ningalimlilia. Lakini hakupotea! Kuzimika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Akafagia hoteli mchana, jioni akacheza. Goti likamkataa kama langu, akawa kocha kama mimi, ila yeye ana mipira arobaini na majani kama zulia. Timu yake ikachukua kombe. Gazeti likaja, na nani alilileta kwangu? Vaitoa. Miwani yake ilikuwa imevunjika. "Shoga, nisomee, wameandika nini juu ya mtoto wetu?" Mtoto wetu, alisema. Nikamsomea. Nilipofika mahali palipoandikwa kwamba ndiye kocha bora wa mwaka, nikaruka mstari. Hivi, kama mtu anayeruka dimbwi. Vaitoa akakunja gazeti akalibusu, hajui kwamba nimemwibia.

Maana Vaitoa hajui. Masina hakumwambia. Miaka kumi na tisa Vaitoa amevuka barabara ile kila Jumapili na majani ya majimbi yaliyopikwa kwa tui, akaniletea mimi. Mguu ulipokuwa unaoza, ninyi mlikuwa mnageuza pua, yeye aliuosha kwa maji ya chumvi. Na mimi nikiwa chali pale nilimwonea wivu hata kwa hilo, kwa wema wake, kwamba yeye anaweza na mimi siwezi.

Basi neno langu ni hili. Kesho Ijumaa, kabla hakujapambazuka, mtaushusha mkeka wa heshima wa mama yangu, ule mwororo wenye manyoya mekundu, mtanibeba mimi, tutavuka barabara, tutaketi juu ya changarawe mbele ya nyumba ya Vaitoa, tujifunike mkeka vichwa, tungoje.

Falaniko, nimekuona ulivyotikisa kichwa. Sema. Ehe. "Mama, kujifunika mkeka ni kwa damu, ni kwa aliyeua. Huu ni mpira tu." Tu? Nipe hilo neno lako niliangalie. Aliyemchoma mwenziwe kisu anajifunika mkeka, anasamehewa, na aliyekufa amekufa. Mimi nilimchoma mtu aliye hai, nikamwacha atembee nacho kisu, na baba yake nikamzika kwa aibu isiyo yake. Tena niliapa kwa Biblia. Kama mkeka haukusukwa kwa ajili ya mtu kama mimi, ulisukwa kwa ajili ya nani, mwizi wa kuku? Na usiniambie ukoo utaaibika. Ukoo umeaibika tangu siku ile, tofauti ni kwamba leo mmeambiwa.

Nami nitawaambia kinachonizuia kweli, mjue jinsi ugonjwa huu ulivyo mbaya. Siogopi mawe. Naogopa atanisamehe. Atainua ule mkeka kwa mikono yake mbele ya kijiji chote, watu watalia, watasema, "Tazameni roho ya Masina!" na hata hapo atakuwa amenifunga bao. Nimelala siku tisa nikilifikiria hilo. Siku tisa, mtu mwenye mguu mmoja na pumzi za kuhesabu, nagombea ushindi! Ndipo Penina akaja na yale maneno, nikaona kwamba yule amenilinda hata mbele ya mjukuu wangu, na mimi bado nimeushika mlango, nisimwombe radhi.

Niinueni kidogo. Maji. Yatosha.

Jina la ukoo atalichukua yule atakayeingia chini ya mkeka pamoja nami kesho. Akiingia Ruta ni Ruta. Mkiingia wote, Ruta pia, kwa sababu Falaniko atakuwa ameingia kwa kusukumwa. Cheka, mwanangu, nakupenda hivyo hivyo na uzito wako. Wakitupiga mawe, hakuna wa kuinua mkono. Jua likituchoma, hakuna wa kuomba maji. Vaitoa akitoka akalia, msimbembeleze, hilo ni lake. Akinitemea mate, nifuteni baadaye, si pale. Na Masina akiwa ndani hataki kutoka, tutakaa mpaka kivuko chake kiondoke, na kikiondoka mtamfuata Auckland na mkeka huo huo, mtajifunika kwenye baridi yao.

Mimi nikizimika usiku huu... Ruta, tulia, nasema kama... nibebeni hivyo hivyo. Wekeni mwili mbele, ninyi nyuma. Na Ruta utasema kwa sauti, baraza lisikie, "Mama yetu aliinua nyusi." Hayo tu. Watu wote wataelewa. Kisha mtadai bao lirudishwe, hamsini na mbili, liandikwe kwa jina lake katika kitabu cha baraza, juu ya jina langu. Juu, Falaniko. Usiandike pembeni.

Penina, sogea. Pumzi inakuwa... fupi. Nipe mkono. Utakuja kuwa kocha wewe, naona unavyowapigia kelele wadogo zako. Siku moja msichana atakutazama kabla hajapiga, atakuuliza kwa macho. Mjibu kwa mdomo. Kwa sauti, wasikie wote. Na wakikuuliza nani alimtuma... sema mimi. Hata kama ni mbele ya wazee mia. Hasa mbele ya wazee mia. Na akikupita, yule msichana... akikupita mabao... itakuuma. Usijidanganye haitauma. Acha iume, upige makofi.

Baraka sasa, kabla haijakatika. Falaniko, Mungu akupe mlango usiomfungia mgeni. Ruta, akupe ulimi wangu... bila sumu yake. Penina, akupe magoti. Magoti tu, mengine unayo. Vaitoa... Mungu ampe siku nyingi. Ampe na... ile sweta ilimpendeza. Mwambieni. Ilimpendeza sana.

Na Masina. Ngojeni, hili nilitoe mwenyewe. Shikeni kichwa. Mungu ambariki Masina, binti wa Vaitoa. Ampe... nyumba. Ampe watoto wa watu wampende. Timu yake ishinde, ishinde zote... isipokuwa siku ikija... kucheza na wasichana wetu hapa...

Hapana. Futa. Futa, Bwana.

Hata siku hiyo. Ishinde hata siku hiyo... lakini kwa bao moja tu.